Mtandao wa watoto unaoanzia mlangoni: mwongozo kwa wazazi wa Malindi

Likizo ya Agosti ikiingia, malalamiko ya wazazi huwa yale yale: watoto wametoka chuo (madrasa), jua bado kali, na kila mmoja anaitaka simu. Ukiwanyima, nyumba haikaliki. Ukiwapa bila mpango, bando linaishia kwenye video za watu wazima wanaofungua maboksi ya midoli, na jioni ukimuuliza mtoto alitazama nini hana la kukujibu.

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye simu moja au mbili za Android, bando la kununua na stima inayopotea ipendapo. Orodha za tovuti 50 bora za watoto sizipendi, kwa kuwa ukimaliza kuzisoma bado hujui uanzie wapi. Nimechagua chache kwa kipimo kimoja: kitu hiki cha mtandaoni kinamrudisha mtoto kwenye jambo analoweza kuliona, kulishika au kumuuliza bibi yake hapa Malindi? Kisipomrudisha popote kinakwenda mwisho wa foleni, hata kiwe na rangi za kupendeza namna gani.

Hatua ya 1: Itayarishe simu kabla mtoto hajaigusa

Kazi hii haina raha, lakini huifanyi kila siku.

Kama mtoto ana simu au tabuleti yake, pakua Family Link ya Google kwenye simu yako. Ni ya bure. Itakuwezesha kumfungulia mtoto aliye chini ya miaka 13 akaunti inayosimamiwa na yako, kuidhinisha kila programu anayotaka kuiweka, na kupanga saa ambayo kifaa kinajifunga chenyewe usiku. Kama simu ni yako na yeye anaazima tu, usijisumbue na hayo. Ingia kwenye mipangilio, upande wa usalama, utafute sehemu ya kubandika programu. Ukiiwasha na kuiwekea nambari ya siri, mtoto aliyefunguliwa hadithi atabaki kwenye hadithi. Hawezi kuponyoka akaingia WhatsApp yako au kwenye M-Pesa.

Kwa wadogo tumia YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida, na uchague ule mpangilio unaoruhusu chaneli na video ulizozikubali wewe peke yake. Ukibaki na YouTube ya kawaida, zima uchezaji wa kujiendesha. Video moja ikiisha, kimya kiingie na mtoto aamue kama anataka nyingine. Nikilazimika kuchagua hatua moja tu katika hizi zote za usalama, ningechagua hiyo.

Badilisha pia lugha ya simu iwe Kiswahili. Mtoto wa Gredi ya 1 anayesoma "Tafuta" na "Pakua" mwenyewe hatakuita kila dakika.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa ongozwa na mambo ya nyumba yako: swala, chakula, chuo, kazi za nyumbani na usingizi. Kinachobaki ndicho cha simu.

Hatua ya 2: Pakua pakiwa na waifai, tumia nyumbani bila bando

Vitu vingi vizuri vya watoto havihitaji intaneti vikishaingia kwenye simu. Basi ukiwa kazini au kwa jamaa mwenye waifai, na akikubali, pakua hivi:

- African Storybook Reader, kwa hadithi.
- Khan Academy Kids, ya watoto wa miaka 2 hadi 8. Ni ya Kiingereza, ni bure, haina matangazo, na ndani yake mna vitabu na michezo inayofunguka bila mtandao.
- Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia nzima ndani ya simu. Ukishaiweka, chagua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Faili lake ni dogo mno ukililinganisha na la Kiingereza.
- Merlin, ya kutambua ndege, pamoja na kifurushi chake cha ndege wa sehemu zetu.

Baadhi ya video za YouTube pia zina alama ya kupakua chini yake. Zinabaki ndani ya programu hiyo hiyo, na mtoto anazitazama bila kugusa bando.

Hatua ya 3: Wadogo waanze na hadithi

African Storybook ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Ina hadithi za picha katika lugha nyingi za bara hili, Kiswahili kikiwemo, zimepangwa kwa ngazi: ngazi ya kwanza ina neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa, na maneno yanaongezeka kadiri unavyopanda. Leseni yake inakuruhusu kusoma, kupakua, kuchapisha na hata kubadilisha hadithi bila kumlipa mtu. Ukizimaliza, nenda StoryWeaver, ya wachapishaji wa Pratham Books wa India, iliyoanza mwaka 2015. Nako mna hadithi za Kiswahili, ila tafsiri nyingine ni ngumu kumeza, kwa hiyo zisome wewe kwanza.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko tovuti yenyewe. Usimpe mtoto simu ukaondoka. Keti naye, umwache aguse skrini kugeuza ukurasa, na kabla hajageuza mwulize, "Unadhani sasa atafanya nini?" Hadithi ikiisha, mwambie akamsimulie babu au nyanya bila kushika simu. Hapo ndipo utakapojua kama ameielewa au alikuwa akitazama picha tu. Na babu naye hatakubali kushindwa. Atajibu kwa hadithi yake ya Sungura na Fisi, na hiyo haina bando.

Kwa katuni, wape za Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza mwaka 2013. Akili and Me ni ya wale wa chekechea: herufi, hesabu, rangi, hisia. Ubongo Kids ni ya wakubwa kidogo na inafundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo. Zote mbili zina chaneli za Kiswahili YouTube. Kiswahili chake ni cha Bara Tanzania na watoto wetu hucheka baadhi ya matamshi, lakini nyimbo zake hukaa kichwani. Ukimsikia mtoto anaimba kuhusu sehemu ya kumi, mkatie hamri vipande akuoneshe.

Hatua ya 4: Toka nje, na mtandao mkononi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Malindi ina mambo ambayo mtoto wa London angeyaona kwenye kitabu tu, na mtandao una vifaa vya kuyachunguza. Chagua moja kwa wiki. Usifanye yote pamoja.

*Mto Sabaki na ufuo unaokua.* Fungua Google Earth kwenye kompyuta au simu, uwe kwenye waifai kwa maana inakula data. Tafuta mdomo wa Sabaki, kisha uwashe ile sehemu inayoonesha picha za setilaiti mwaka hadi mwaka kuanzia 1984. Mtoto ataona ukanda wa mchanga wa ghuba ya Malindi ukipanuka na mdomo wa mto ukihama. Mwulize mchanga umetoka wapi, naye afuate mto kwa kidole kurudi nyuma: Sabaki ndiyo Galana, na Galana ni Athi iliyoungana na Tsavo. Udongo unaoigeuza bahari yetu kuwa ya kahawia wakati wa mvua unatoka mbali, mwingine hadi kandokando ya Nairobi. Baada ya hapo mpeleke kwa mzee wa mtaa.

"Babu, zamani bahari ilikuwa inafika wapi?"

Mzee ataonesha kwa bakora. Mtoto apime kwa hatua zake kutoka pale hadi maji yalipo leo, aandike. Setilaiti imemwambia jambo, mzee amemwambia jambo, na sasa ana kazi ya kuona kama yanapatana.

*Maji kujaa na kupwa.* Andika "Malindi tides" kwenye kitafutio. Utapata majedwali ya bure yanayoonesha saa na urefu wa maji kwa kila siku. Kabla ya kufungua, mtoto amwulize mvuvi au babu: kesho maji yatakupwa saa ngapi? Aandike jibu, kisha alinganishe na jedwali, kisha kesho yake aende ufuoni na mtu mzima kuona nani alikuwa karibu zaidi. Wazee hukaribia mno, na watoto hustaajabu. Jedwali likifuatwa kwa mwezi mzima, mtoto ataona mwenyewe kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na maji mafu huja katikati. Akiuliza kwa nini, mfungulie PhET, tovuti ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kuna jaribio la jua, dunia na mwezi ambalo mtoto analiendesha kwa kidole: akiondoa mvutano, mwezi unatoroka. Majaribio kadhaa ya PhET yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi yanaweza kupakuliwa.

*Ndege na mimea.* Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, inauliza maswali machache: ulimwona wapi, lini, alikuwa na ukubwa gani, rangi gani, alikuwa akifanya nini. Kisha inatoa orodha ya ndege wanaofanana naye. Faida yake kubwa ni kwamba inamlazimisha mtoto kutazama vizuri kabla ya kuuliza. Jaribuni mdomo wa Sabaki, hori la Mida au ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mweleze mtoto juu ya mnana wa Clarke, ndege wa rangi ya manjano na nyeusi asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika Kaunti ya Kilifi. Mahali anapotagia hapakujulikana na wanasayansi mpaka mwaka 2013, walipopata viota kwenye kinamasi huko Dakatcha, si mbali na Malindi. Maana yake ni kwamba hata leo kuna mambo ya hapa petu yanayosubiri mtu wa kuyaona kwanza.

Kwa mimea, wadudu na makombe, tumia Seek. Unaelekeza kamera, nayo inajaribu kutaja jina. Haimdai mtoto afungue akaunti. Hukosea, hasa kwa makombe, na majina yake ni ya Kilatini na Kiingereza, kwa hivyo kazi ya mtoto ni kupata jina la Kiswahili au Kigiriama kutoka kwa mtu mzima. Na ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, makombe ni ya kupigwa picha tu, si ya kuokotwa.

*Anga.* Watoto wengi hapa hawajui kwamba roketi ziliwahi kuruka kutoka kwenye bahari yetu. Pale Ngomeni, kaskazini ya mji, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya NASA ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksrei kutoka angani. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya Kenya. Mradi ulisimamiwa na mwanamke, Marjorie Townsend, jambo ambalo wasichana wanapaswa kulisikia. Mwongozaji wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002. Tovuti za NASA zina picha za Uhuru, na ile iitwayo NASA Space Place ina michezo na maelezo mafupi kwa watoto wa shule ya msingi, ingawa ni kwa Kiingereza.

Kisha fanyeni hivi: pakua programu ya NASA ya Spot the Station, uiambie mko Malindi. Itakupa saa ambayo Kituo cha Kimataifa cha Anga kitapita juu yenu. Kinaonekana baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza, kama nyota kubwa inayokwenda bila kumetameta, kilomita takriban 400 juu, na huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Ndani yake mna watu. Na ni kutoka kituo hicho ambapo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa angani Mei 2018. Usiku wa giza unaofuata, fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, mtafute Kilimia, zile nyota za wakulima na mabaharia. Wazee wanayo methali yake, wacha wao waiseme.

Hatua ya 5: Makumbusho, kabla na baada

Kwa ufupi, kwa kuwa hapa mguu ni bora kuliko skrini. Kabla ya kwenda Gede, soma na watoto ukurasa wa UNESCO. Magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Halafu nendeni mkatafute kisima na msikiti mlioviona pichani. Mkirudi, tafuteni picha za twiga wa enzi ya Ming: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa China. Mtoto achore njia ya jahazi kwenye ramani, na aulize upepo gani uliwasukuma.

Wenye watoto wanaosoma chuo vizuri wawaoneshe hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, zilizopigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Mtoto anayefikiri mtandao ni wa Wazungu hushtuka kuona humo mwandiko anaoweza kuusoma yeye, na mwalimu wake wa Kizungu hawezi.

Hatua ya 6: Masomo ya shule

Anza na Kenya Education Cloud ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, kwa sababu inafuata mtaala wanaoufanyia mtihani. Vipindi vya video vya taasisi hiyo viko pia YouTube, vimepangwa kwa gredi. Havina mbwembwe, na mtoto atalalamika.

Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, ni nzuri zaidi kwa hisabati: maelezo, zoezi, na ukikosea inakurudisha ulipokwama. Lakini ilipangwa kwa shule za Marekani. Mada haziji kwa mpangilio wetu na pesa ni dola na senti. Tumia kwa mada moja iliyomshinda mtoto, mfano sehemu au asilimia, kisha zoezi la mwisho lifanyikie sokoni kwa shilingi.

Hatua ya 7: Mambo ya kukataa

Kataa mchezo wa bure unaoonesha tangazo kila baada ya dakika. Kataa programu inayotaka kujua mahali mtoto alipo au kusoma orodha ya nambari za simu bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa. Kataa sehemu za gumzo ndani ya michezo. Usiweke picha ya mtoto akiwa na sare ya shule.

Mweleze mtoto mapema, kwa sauti ya kawaida: mtu usiyemjua akikwambia usimwambie mama, hapo hapo mwambie mama. Na asiadhibiwe akisema, maana siku nyingine atanyamaza. Kukiwa na jambo zito, Childline Kenya wanapokea simu bure kwa nambari 116.

Michezo ya ubao ya mtandaoni sina ugomvi nayo, na Lichess kwa sataranji ni safi, haina tangazo hata moja. Ila bao likiwepo nyumbani, bao kwanza.

Hatua ya 8: Watengeneze chao

Kuanzia miaka 8 hivi, mfungulie mtoto Scratch, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007. Anaunganisha vipande vya amri kama matofali, na kitu kinasogea kwenye skrini. Inaweza kuwekwa kwa Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti ukiipakua kwenye kompyuta. Usimpe mradi wa vitabuni. Mwambie afanye jahazi linalotoka bandarini upepo ukiwa wa kusi na kurudi ukiwa wa kaskazi. Atalazimika kufikiri juu ya masharti na mwelekeo bila kujua kwamba anajifunza programu. Wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr, ya tabuleti, isiyohitaji kusoma.

Wasiopenda kompyuta waandike kitabu. Mzazi afungue akaunti yake African Storybook, achague sehemu ya kutunga hadithi, na watoto wamwambie maneno huku wakichagua picha zilizomo. Ile hadithi ya babu ya Sungura na Fisi inafaa sana kuanzia. Wekeni sentensi moja au mbili kwa ukurasa, mhifadhi faili, mpeleke saiba kuchapisha. Karatasi moja ikikunjwa katikati na kuchapwa pande zote mbili hutoa kurasa 4, kwa hivyo hadithi ya kurasa 8 ni karatasi 2 tu. Mwambie kijana wa saiba achape kwa mpangilio wa kijitabu, rangi iwe kwenye jalada peke yake, na pini mbili zipigwe kwenye mkunjo.